Mtoto Mwenye Kifafa Mvueni Shati

Mtoto akianguka kifafa, akichelewa kusema au akigundulika ana usonji, sote tunakitazama kichwa chake. Jirani anasema ni pepo. Msomi anasema ni ubongo. Wanadhani wanapingana, kumbe wanashiriki kosa moja: kuamini kwamba akili ina mambo yake, na uvimbe na saratani ni mambo ya mwili, wala hayakutani. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni watoto.

Mwaka 1880, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, daktari Désiré-Magloire Bourneville aliuchunguza mwili wa binti aliyefariki baada ya kuishi na kifafa na ulemavu wa akili. Kwenye ubongo alikuta mafundo magumu. Kwenye figo alikuta vivimbe. Ugonjwa huo, tuberasi sklerosisi, humpata takriban mtoto mmoja kati ya 6,000 wanaozaliwa. Wengi wao hupata kifafa, karibu nusu huwa na usonji, na vivimbe huweza kuota moyoni, kwenye figo na ubongoni.

Kwa nini viandamane? Jeni za TSC1 na TSC2 hutengeneza protini zilizo breki ya mfumo wa seli uitwao mTOR, unaoiamuru seli ikue. Breki ikikatika, seli za figo huongezeka hadi zikawa uvimbe. Seli za neva nazo hukua vibaya na kuungana kombo, na mtoto akapata kifafa au usonji. Hitilafu ni moja, ila imetua mahali pawili.

Jeni ya PTEN inasema hayohayo. Iligunduliwa mwaka 1997 na watafiti waliokuwa wakisaka chanzo cha saratani. Leo tunajua kwamba anayezaliwa na hitilafu yake anaweza kuwa na kichwa kikubwa na usonji utotoni, kisha ukubwani akaandamwa na hatari ya saratani ya matiti, ya tezi ya shingo au ya mji wa mimba.

Mwenye shaka aiangalie dawa ya everolimus. Marekani iliiidhinisha mwaka 2009 kwa saratani ya figo. Mwaka 2018 ikaiidhinisha kupunguza kifafa cha tuberasi sklerosisi. Pepo gani anayepungua kwa dawa ya saratani ya figo?

Nisieleweke vibaya. Usonji si saratani, na watoto wengi wenye usonji hawana hitilafu hizi. Wala everolimus haitibu usonji: ilipojaribiwa kuinua uwezo wa watoto kujifunza, haikuonyesha faida. Lakini kwa hao wachache, kujua mapema kunaweza kuokoa figo, hata uhai. Uvimbe unaofuatiliwa tangu ukiwa mdogo hauji kumshtua mtu siku unapovuja damu.

Ndiyo maana nasema mvueni shati. Ngozi na ubongo huchipuka kutoka tabaka moja la kiinitete, na mara nyingi ngozi hutangulia kusema. Tafuteni mabaka meupe aliyozaliwa nayo. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa macho matupu. Hesabuni madoa ya kahawia: yakifika sita, huenda ni hitilafu ya NF1, jeni nyingine ya jamii hii. Pimeni mzunguko wa kichwa kwa utepe. Ulizeni ni nani katika ukoo aliyeugua saratani angali kijana. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine.

Na tuwaache akina mama wapumue. Katika tuberasi sklerosisi, takriban theluthi mbili ya watoto hitilafu imeanzia kwao wenyewe. Baba hana, mama hana. Mama aliyeambiwa amevunja mwiko hakuvunja chochote. Alihitaji mtu wa kumtazama mwanawe mwili mzima, nasi tukamtazama yeye.