Dadu na Kidole

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuipita michezo ya kuigiza wahusika mezani kana kwamba ni upuuzi wa vijana. Wanakosea. Kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hiyo ni matini, na matini inayoamua nani ataumia, kwa kiasi gani na kwa muda gani, ina itikadi hata ikijificha ndani ya majedwali.

Mfano ni d20 Modern, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 2002. Katika orodha ya vifaa vyake imo Taser, silaha ya umeme irushayo vishale viwili. Mpigaji hurusha dadu mara moja kupima shabaha. Akipata, aliyepigwa hupoteza pointi 1 hadi 4 za uhai, kisha hurusha dadu yake kupima ustahimilivu. Akishindwa, hupooza kwa mizunguko 1 hadi 6, kila mzunguko sekunde 6. Basi. Huinuka, hadithi ikaendelea.

Kuanzia hapo kinachotahiniwa ni mwili wa aliyepigwa; ukianguka, umeanguka kwa udhaifu wake wenyewe. Mpigaji amekwisha kutoka katika sentensi. Hakuna kanuni inayouliza kama bado anabana kitufe.

Nje ya meza, swali ndilo hilo. Dalian Atkinson, mchezaji wa zamani wa Aston Villa, alipigwa kwa Taser na polisi mjini Telford, Uingereza, Agosti 2016. Kipimo cha kawaida ni sekunde 5. Yeye alipitishiwa umeme sekunde 33 mfululizo, kisha akapigwa mateke kichwani. Akafariki. Mwaka 2021 askari aliyehusika alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Sekunde 33 si sifa ya chombo, wala si udhaifu wa mwili. Ni kazi ya kidole.

Hata jina la silaha hiyo limetoka katika njozi. Mvumbuzi wake, Jack Cover, alilichota katika riwaya ya vijana ya mwaka 1911, *Tom Swift and His Electric Rifle*, ambamo kijana wa Kimarekani anakwenda na bunduki ya umeme Afrika kuwinda tembo, na wenyeji wamechorwa kama maadui wakatili. Silaha ilitoka kitabuni ikaingia mtaani, kisha ikarejeshwa kitabuni, safari hii ikiwa imeoshwa.

Watetezi watasema mchezo hauna budi kurahisisha mambo. Naam, lakini kurahisisha ni kuchagua. Kitabu hichohicho kinahesabu risasi zilizomo ndani ya bastola na muda wa kuijaza upya. Hakikushindwa kuhesabu sekunde. Kanuni moja ingetosha: katika kila mzunguko, mpigaji atamke mbele ya wenzake kama anaachia kitufe au haachii.