Kabla hujalipia mtoto wa mbwa, mtazame meno

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka unayetafuta mlinzi wa usiku, hebu tuulizane. Ukienda mnadani kununua mbuzi, hutoi hata shilingi kabla hujamfungua mdomo ukaona meno. Kwa mtoto wa mbwa je? Unaangalia masikio kama yamesimama, unaangalia ukubwa wa nyayo, unaambiwa baba yake ni mbwa wa polisi, unalipa. Mdomo hauguswi. Miezi michache baadaye unauliza kwa nini mbwa hali vizuri, mdomo unanuka, na kila akila anapiga chafya.

Msimamo wangu ni huu: taya lisilokaa sawa ni kasoro ya kuzungumzwa siku ya mauzo, na mbwa mwenye kasoro hiyo asizalishwe, hata awe mzuri namna gani. Najua wauzaji hawatafurahi. Wapo wanaokuambia mbwa ambaye taya la chini limetokeza mbele ndiye mkali. Ukali hautoki kwenye urefu wa taya.

Kumkagua si kazi. Tofauti na mbuzi, mbwa usimfungue mdomo kwanza. Mpakate, mwache afunge mdomo mwenyewe, kisha inua midomo kwa kidole gumba, mbele na pembeni. Meno madogo ya mbele ya juu yanatakiwa yapite kidogo tu mbele ya yale ya chini, kama makali ya mkasi yanavyopishana. Halafu tazama chonge. Chonge la chini likae mbele ya chonge la juu, kwenye nafasi iliyopo kati yake na meno madogo, likielekea nje. Tazama pande zote mbili, maana kuna taya linalopinda upande mmoja tu.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni taya la chini kuwa fupi. Watu hawaioni kwa sababu midomo inaifunika. Hapo chonge la chini haliendi kwenye nafasi yake, linachoma kaakaa kila mbwa anapofunga mdomo. Na meno ya utoto ya mbwa ni makali kama sindano. Panakuwa na kidonda, na kikiachwa kinaweza kutoboka hadi puani, chakula kikaingia huko, ndiyo zile chafya. Mbwa wa namna hiyo anasogelea bakuli, analamba kidogo, anaondoka. Mwenyewe anasema anadeka.

Taya la chini kuwa refu ni hadithi nyingine. Kwa mbwa wa pua fupi, kama buldogi na boksa, ndivyo aina yao ilivyotengenezwa. Kwa mbwa wa pua ndefu ni kasoro, lakini wengi wanakula na kuishi vizuri nayo. Ikiwa meno hayachomi fizi wala kaakaa, sioni sababu ya kutumia fedha kunyoosha sura.

Sasa suala la muda, na hapa ndipo wengi wanapochelewa. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28. Yanaanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi, na kufikia wiki nane kwa kawaida yote yapo. Kuanzia miezi mitatu au minne yanaanza kung'oka, na mbwa mkubwa huishia na meno 42. Taya la juu na la chini hayakui kwa mwendo mmoja, kwa hiyo tofauti ndogo ya wiki nane inaweza kujirekebisha yenyewe. Lakini chonge likishajichomeka kwenye kaakaa, linalizuia taya la chini lisisogee mbele. Daktari wa mifugo anaweza kuling'oa hilo jino la utoto mapema, ili taya lipate nafasi ya kukua, kama asili yake inaruhusu. Ukimpeleka akiwa na miezi saba, meno ya ukubwani yameshatoka na kazi inakuwa ngumu na ya gharama.

Usiling'oe mwenyewe kwa koleo. Mzizi wa chonge la utoto ni mrefu, mwembamba na umepinda, unakatika kirahisi. Na jirani yake kabisa, ndani ya mfupa, ndipo jino la ukubwani linapojitengeneza. Linahitaji dawa ya usingizi na mkono uliofundishwa.

Kuanzia mwezi wa tano, kagua tena. Ukiona chonge mbili pamoja upande mmoja, la utoto na la ukubwani, usingoje lile la utoto lidondoke kwa wakati wake. Wakati wake umepita, na linalisukuma jipya likae vibaya.

Nirudi kwa anayezalisha. Kasoro nyingi za taya zinarithiwa. Ukimpandisha dume kwa dada yake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, unaziongezea nafasi ya kujitokeza. Utaniambia huyu ni mbwa tu, si ng'ombe wa maziwa. Sawa, lakini unapomuuza unataka bei ya mbuzi wawili. Aliyezaliwa na kasoro muhasi, mweleze mnunuzi wazi, punguza bei. Mbwa huyo atabweka na kulinda zizi kama mwenzake.

Lishe nayo isisahaulike. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu isiyo na madini ya chokaa anaweza kulainika mifupa, ya taya ikiwemo, hata meno yakalegea. Ukimpikia ugali, mchanganyie dagaa wazima waliosagwa. Mwenye kidonda mdomoni mpe chakula laini mpaka daktari amwone.

Neno la tahadhari kabla hujaenda kushika midomo ya mbwa. Yote niliyosema yanahusu taya alilozaliwa nalo au lililobadilika polepole akikua. Mbwa ambaye jana alikuwa mzima na leo taya limening'inia, udenda unamtoka, hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa, hata kama ni mtoto na hajamng'ata mtu. Mfungie mahali bila kumgusa, waweke watoto mbali, mwite mtaalamu wa mifugo. Kama udenda umekugusa kwenye kidonda au mchubuko, au amekung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo.