Kabla ya Kuibeba Kompyuta kwa Fundi



Juma lililopita, baada ya Isha, sebule yangu hapa Bula Pesa, Isiolo, ilijaa wanawake. Majirani zangu wa Kiborana na Kisomali wamenisikia nikisimulia habari za kupamba tangu nilipoolewa huku, na walitaka kujionea. Niliwaahidi filamu mbili: kupamba kwa dada yangu, Mombasa, mwaka 1998, iliyonakiliwa kutoka kanda ya VHS, na kupamba kwa binti yake, iliyopigwa kwa simu mwaka huu. Katika ile ya kwanza yumo mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akimtengeneza bintiye asumini kichwani huku akimtania. Sauti yake hatunayo mahali pengine.

Filamu ya simu ilitoa vigelegele vitupu, kioo kikawa cheusi. Ile ya mama ilionyesha mistari kama meno ya kitana kila mtu alipopunga mkono, kisha ikakwama katika dakika ya 37. Wageni walimaliza chai, wakanipa pole, wakaenda zao.

Asubuhi mwanangu wa kiume akasema, "Mama, nitaibeba kompyuta niipeleke kwa fundi pale stejini." Nikamuuliza, "Umesahau kilichomo ndani, mwanangu?" Akanyamaza. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mna bibi harusi kichwa wazi, mna shangazi zake, mna wasichana waliokubali kupigwa picha kwa amana. Fundi yule huenda ni mwaminifu kutushinda sote, lakini amana hiyo hakupewa yeye, wala mimi sina idhini ya kumkabidhi. Na msidhani kufuta kunatosha. Faili likifutwa kwenye diski ya kawaida hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kulifufua zinapatikana bure.

Basi mimi na binti yangu tukaitafuta kasoro wenyewe.

Tulianza kwa kuuliza kama ubovu u katika filamu au katika mashine. Tulicheza mawaidha tuliyoyatazama mara nyingi bila taabu. Yakaenda vizuri, picha na sauti. Hapo tukajua kuwa runinga ni nzima, waya wa HDMI umekaa sawa, na sauti imeelekezwa kwenye runinga. (Sauti ikipotea kabisa katika kila filamu, tazameni kwanza hapo: mara nyingi kompyuta huwa inaipeleka kwenye spika zake yenyewe.) Mtu asiyefanya jaribio hili dogo huweza kununua waya mpya, kisha runinga mpya, na ugonjwa ukabaki alipouacha.

Ile ya simu ndiyo iliyotufunza zaidi. Filamu haihifadhiwi ikiwa imetandazwa. Hukunjwa, kama kanga inavyokunjwa ili iingie sandukuni, na anayeicheza lazima ajue namna ya kuikunjua. Kwa miaka mingi mkunjo uliozoeleka umekuwa ule uitwao H.264, wa mwaka 2003. Simu nyingi za sasa hutumia H.265, wa mwaka 2013, unaobana zaidi. Programu iliyokuja na kompyuta yetu haikuujua mkunjo huo, ndiyo maana tulipata sauti bila picha. Tuliweka VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996, ambayo huja na ujuzi wake wa kukunjua. Picha ikatokea. Lakini ikawa inaruka na kuganda, bibi harusi anainua uso kwa vituo kama anayesukumwa.

Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukaona prosesa imefika asilimia mia. Kompyuta yetu ni ya mwaka 2012, tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Mashine nyingi za kabla ya 2015 hazina sehemu maalumu ya kukunjua H.265, kwa hiyo prosesa hubeba mzigo wote. Tena filamu ilipigwa kwa ukubwa wa 4K, wenye nukta mara nne ya zile za 1080p, na runinga yetu haiwezi hata kuzionyesha zote.

Na hapa nikiri kosa langu. Kompyuta nilikuwa nimeiweka ndani ya kabati la runinga, nikaifunika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, kizuri kwelikweli. Kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na kwa jua la Isiolo haihitaji kusaidiwa kupata joto. Tuliuchomoa umeme, tukafungua kifuniko, tukapangusa vumbi kwa brashi laini. Feni iliyokuwa ikinguruma ikatulia. Filamu ikapungua kuruka, ila haikuacha. Usiku huo binti yangu akaigeuza kwa HandBrake, programu nyingine ya bure, iwe H.264 ya 1080p. Kazi hiyo ilichukua usiku kucha. Asubuhi ikacheza kama maji.

Meno ya kitana katika ile ya mama hayakuwa ubovu. Kanda za zamani zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, na kioo cha leo huzionyesha zote pamoja. Ndani ya VLC bonyezeni herufi D, mistari huondoka. Sauti ikitangulia midomo, K huichelewesha kidogo kidogo. Ikichelewa, J huiwahisha.

Ilibaki dakika ya 37. Filamu inayokwama popote huashiria mashine iliyolemewa. Inayokwama mahali palepale kila mara ina jeraha. Tulijaribu kuinakili kutoka diski yetu ya nje, ikagoma katikati. Diski hiyo imeanza kufa. Siku hiyohiyo tulihamisha kila kitu kilichokubali kuhama, kisha tukaichomoa na kuiweka. Ikibidi siku moja kompyuta yenyewe ipelekwe kwa fundi, diski ya ndani tutaiondoa kwanza. Ni skrubu chache na nyaya mbili, umeme ukiwa umechomolewa.

Majirani wamekwisha kurudi, wakamwona bibi harusi hadi mwisho. Mama tumemwona hadi dakika ya 37. Kanda yenyewe ingali Mombasa, kabatini kwa dada yangu, naye amekubali inakiliwe upya na mwanamke anayeijua kazi hiyo. Nimemwomba nakala ije huku kwa mkono wa mtu wetu, isitumwe kama kifurushi cha basi.