Gemu za vita: Tunaogopa damu ya kwenye kioo, tunasahau usingizi wa mtoto



Ndugu msomaji, kuna gemu ya simu iliyotoka mwaka 2012, imetengenezwa na kampuni ya Supercell ya nchini Finland. Inaitwa Clash of Clans, yaani mapambano ya koo. Mchezaji anajenga kijiji chake, anakusanya askari, kisha anakwenda kuvamia kijiji cha mwenzake na kupora mali. Huko Finland jina hilo ni burudani tu. Lakini mtu wa Tarime akilisikia hacheki. Sisi tunajua koo zikipigana inakuwaje. Tunazijua nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioswagwa usiku, na vijana waliorudishwa nyumbani wamebebwa. Miaka ya 2000 hali ilifika pabaya mpaka serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya.

Kwa hiyo naelewa kwa nini wazazi wengi wa Kiislamu wa Tarime na Serengeti wanashituka wakisikia habari za gemu za vita. Wanasema: hizi ndizo zinazowafundisha watoto kuua. Hata baadhi ya mawaidha tunayoyasikia yanaishia hapo hapo. Katika safu hii ya afya na usafi nataka kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Tumeikazia macho damu ya kwenye kioo, na wakati huo huo hatuangalii saa ukutani, hewa ya banda la gemu, wala mikono ya mtoto. Madhara yaliyo wazi zaidi yako huko.

Tuzijue kwanza

Mzazi hawezi kuongoza jambo asilolijua. Gemu za vita si kitu kimoja. Kuna za ngumi na mateke, watu wawili wanapigana mpaka mmoja aanguke. Humo zimo Tekken, ambayo haina damu nyingi, na Mortal Kombat ya tangu mwaka 1992, ambayo inaonyesha mtu akikatwa vichwa na viungo. Kuna za bunduki, kama Call of Duty iliyoanza mwaka 2003, na za simu kama Free Fire na PUBG Mobile, ambazo watoto wanacheza wengi kwa pamoja kwa njia ya intaneti mpaka abaki mshindi mmoja. Kuna za mapanga, kama God of War ya mwaka 2005, ambayo mpiganaji wake anapambana na miungu ya Wagiriki wa kale. Na kuna za mipango ya vita, kama Age of Empires II ya mwaka 1999, ambayo ndani yake mchezaji anaweza kuliongoza jeshi la Salahuddin. Nyingine ni za PlayStation, nyingine za Xbox, nyingine za kompyuta, na nyingine ziko kwenye simu ya baba iliyoachwa mezani.

Gemu hizi zina alama ya umri. Marekani walianza utaratibu huo mwaka 1994, baada ya Baraza la Seneti kuijadili Mortal Kombat mwaka uliotangulia. Ulaya nao wakaanza wa kwao mwaka 2003. God of War na Mortal Kombat zina alama ya miaka 17 au 18. Lakini mzazi wa Mugumu au Sirari ataionea wapi alama hiyo? Diski nyingi zinazofika bandani ni za kunakili, hazina hata ganda. Mtoto wa miaka tisa anakaa mbele ya gemu ya mtu mzima, na mwenye banda anachoangalia ni shilingi tu.

Je, zinafundisha kuua?

Tuseme ukweli, kwani Muislamu hatakiwi kusema asilo na ujuzi nalo. Jumuiya ya wanasaikolojia wa Marekani ililipitia suala hili na mwaka 2020 ikatoa msimamo wake. Ilisema kwamba gemu za vita zina uhusiano mdogo na ukali wa mtoto, mambo kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinamfanya mtu awe muuaji.

Na sisi wa huku tuna ushahidi wetu. Mishale na mapanga ya Tarime yalikuwapo kabla ya PlayStation ya kwanza kutengenezwa. Kijana aliyekwenda kupigania mpaka wa ukoo hakufundishwa na diski. Alifundishwa barazani, kwa maneno ya wakubwa waliokuwa wakimsifu aliyeua na kumcheka aliyekataa kwenda. Tukitaka kuzuia damu, tuanze na ndimi zetu mbele ya watoto.

Wala dini yetu haikukataza kila mchezo wenye sura ya vita. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini kwa Mtume (SAW) siku ya Idi, na Bibi Aisha (RA) akawatazama. Lakini tazama tofauti. Wale walikuwa wanatoka jasho, wako kweupe, na mchezo ulikuwa na mwisho. Huyu wa kwetu amekunja mgongo gizani, kinachofanya kazi ni vidole gumba viwili, na mchezo hauna mwisho.

Hata hivyo, kuna mtoto wa kuangaliwa zaidi. Ni yule aliyeona vita vya kweli, aliyeshuhudia baba au jirani akikatwa. Mtoto huyo akijifungia na gemu za kuua siku nzima, anapiga kelele usingizini, anajitenga na wenzake, usimchape. Huyo anahitaji kusikilizwa na kupelekwa hospitali.

Usingizi na Alfajiri

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Sasa tupige hesabu. Huku kwetu Mara, mtoto akiswali Isha na kuingia kitandani saa 2:30 usiku, akaamshwa kwa Alfajiri saa 11:30, amepata saa 9 kamili. Subhanallah! Mtume (SAW) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Utaratibu wa Sunna umekwenda sawa na hesabu ya madaktari.

Gemu inauvunja utaratibu huo. Mtoto anajifunika shuka, simu iko chini ya shuka, vita vinaendelea mpaka saa 6 usiku. Mwanga wa kioo unauambia ubongo kwamba bado ni mchana, na moyo unamwenda mbio kwa sababu adui anamfuata. Akizima simu usingizi hauji. Alfajiri haamki, au anaamka kama mlevi. Shuleni haelewi. Jioni madrasa anasinzia juu ya msahafu, ustadh anamchapa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza alilala saa ngapi. Ndugu zangu, fimbo haitibu usingizi.

Banda, hewa na pedi

Pita jioni mjini Tarime, Nyamongo au Mugumu uangalie banda la gemu. Mara nyingi ni chumba kimoja cha mabati, dirisha limezibwa kwa kitambaa ili mwanga usiharibu picha, ndani wamo watoto kumi na tano wanapumuliana. Kifua kikuu kinaenea kwa hewa, katika sehemu kama hiyo hasa. Mtu mmoja mwenye kikohozi cha wiki mbili akikaa humo kila siku, anaweza kuwaambukiza wengi.

Halafu pedi. Pedi moja inashikwa na mikono ya watoto wengi tangu asubuhi mpaka usiku. Mmoja ametoka chooni, mwingine amefuta kamasi, mwingine amekula muhogo wa kukaanga. Mikono hiyo hiyo inarudi machoni na mdomoni. Hivyo ndivyo mafua, kuhara na macho mekundu yanavyohama. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea katika mikoa kadhaa nchini, na ushauri mkubwa ulikuwa kunawa mikono na kutoshika macho.

Tusijidanganye kwamba mtoto akirudi akatawadha inatosha. Udhu ni twahara na ibada, lakini haukuwekwa uchukue nafasi ya sabuni. Anawe kwanza kwa sabuni, kisha atawadhe.

Macho na kifafa

Anayekodolea kioo anasahau kupepesa. Macho yanakauka, yanawasha, kichwa kinauma. Dawa yake ni nyepesi: kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Tena mtoto anayecheza nje kwenye mwanga wa jua ana nafuu ya kutopata uoni hafifu wa mbali.

Kuna na jambo la miale inayowaka na kuzima haraka haraka, kama milipuko ya kwenye gemu. Kwa watu wachache inaamsha degedege la kifafa. Desemba 1997 nchini Japan watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni yenye miale ya namna hiyo. Mtoto wako akianguka mbele ya gemu, usikimbilie kusema ana majini. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu, kisha mpeleke hospitali. Kisomo ni kizuri, lakini kisimcheleweshe kupata daktari.

Inapokuwa ugonjwa

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019, na kuanza kutumika Januari 2022, orodha ya magonjwa ambayo ndani yake umo uraibu wa gemu. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mbele ya kila kitu, na anaendelea hata anapoona inamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kwa hiyo si kila mtoto anayependa gemu ni mgonjwa. Lakini usidharau. Mwaka 2005 mtu mmoja huko Korea Kusini alifariki baada ya kucheza gemu ya vita ya StarCraft kwa karibu saa 50.

Tufanye nini

Wako wanaosema tupige marufuku kabisa. Mimi naona marufuku bila mbadala inampeleka mtoto bandani kwa siri, na bandani ndiko kubaya zaidi. Napendekeza haya.

Kwanza, simu zote za nyumba zilale chumbani kwa wazazi baada ya Isha. Baba naye aanze, kwani mtoto anafuata anachokiona.

Pili, swala iwe ndiyo mpaka. Magharibi ya huku inaingia karibu saa 1 jioni, na adhana iwe ndiyo kengele ya kuzima. Mtoto asipewe gemu mpya wakati umebaki mdogo, maana hataiacha katikati.

Tatu, kaa naye ucheze au utazame hata mara moja. Zipo gemu ambazo tatizo lake alama ya umri haikwambii. Mwaka 2020 PUBG Mobile iliweka sehemu ya kuinamia masanamu ili kupata nguvu, Waislamu wakalalamika ikaondolewa. Mwaka 2021 Call of Duty: Vanguard ilionyesha kurasa za Qur'an zimetupwa sakafuni zina damu, na wenyewe wakaomba radhi. Aliyeyagundua mambo hayo ni mtu aliyekuwa anatazama.

Nne, wenye mabanda ni jirani zetu, na wengine ni Waislamu wenzetu. Tuwaendee kwa wema: wafungue dirisha, waweke ndoo ya maji na sabuni mlangoni, wafute pedi kila siku, wasiingize watoto saa za shule na madrasa. Na ule mtindo wa aliyeshindwa kulipa fedha ya wote wawili uachwe, una harufu ya kamari.

Tano, misikiti yetu ina viwanja. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji mazoezi ya mwili dakika 60 kila siku. Mpira mmoja na saa moja baada ya Alasiri vitashindana na Call of Duty kuliko hotuba kumi.

Ndugu msomaji, katika gemu anayekufa anainuka na kuanza upya. Usiku wa mtoto uliopotea haurudi, wala Alfajiri iliyompita. Sisi ni wachunga na tutaulizwa. Leo, baada ya Isha, nenda taratibu ukafunue shuka la mwanao, uone kama amelala au yuko vitani.

Wabillahi tawfiq.