Safari ya meli ya starehe: Udhu pekee hautoshi, chukua na sabuni



Miezi michache iliyopita simu yangu iliita saa nane za usiku. Aliyepiga ni mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye anaishi na familia yake Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Siku hiyo hakuwa nyumbani. Alikuwa ndani ya meli kubwa ya starehe iliyoondoka Miami, ikiwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga Nassau, visiwa vya Bahamas, kuelekea Cozumel nchini Mexico. Alikuwa na mkewe, watoto watatu, na mama yake mzazi aliyetoka Tanga kwenda kuwatembelea. Kwao huko jua lilikuwa bado halijazama.

Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, mama anaharisha na kutapika tangu mchana. Ninazo flajili hapa, nimpe?"

Nikamwambia asimpe flajili, ampigie simu daktari wa meli sasa hivi. Akanyamaza. Nikamuuliza kulikoni, ndipo akasema maneno yaliyonifanya niandike makala hii: "Kaka, wakijua watatufungia chumbani, na hii safari tumeiwekea akiba miaka miwili."

Kabla sijaendelea, niwajibu mapema wale watakaosema kwamba Muislamu hana shughuli katika meli yenye kasino na mabaa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa kasino na mabaa, na kila baba mwenye nyumba ana jukumu la kuitazama kabla hajatoa pesa yake. Lakini mimi simlaumu mtu anayefanya kazi zamu mbili mwaka mzima, kisha akataka watoto wake wakae na bibi yao siku saba bila ya mtu kukimbilia kazini. (Mama mdogo mwenyewe, aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, aliuliza kwa nini watu walipe fedha nyingi namna ile kwenda kuitazama bahari.) Ndugu zetu wengi wapo Marekani na Kanada, na wanawaalika wazee wao. Maneno yangu leo ni kwa nyumba ambayo imekwishaamua kwenda, na kwa mzee aliye huku ambaye ataitwa.

Fahamu kwanza meli hizi zilivyo. Ile inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami mwezi Januari 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, ukiacha mabaharia na wahudumu zaidi ya 2,000. Huo ni mji. Lakini ni mji ambao watu wake wote wanashika vishikio vya ngazi zilezile, wanabonyeza vitufe vya lifti zilezile, na wanajipakulia chakula kwa koleo zilezile. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia humo hauna haja ya kutafuta njia.

Ugonjwa wenyewe unaotajwa zaidi katika meli hizi unaletwa na norovirusi. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, hutangaza mlipuko katika meli pale asilimia 3 au zaidi ya abiria, au ya wafanyakazi, wanaporipoti kuharisha na kutapika. Mwaka 2024 ilitangaza milipuko 18 ya namna hiyo, na mingi kati yake ililetwa na norovirusi. Uadilifu unataka niseme pia kwamba, kwa mujibu wa taasisi hiyohiyo, milipuko ya melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa. Nyumba za wazee, mashule na mikahawa ndiyo yenye sehemu kubwa. Kwa hiyo sisemi meli ni chafu. Meli zinazotoka nje na kurudi bandari za Marekani hukaguliwa ghafla na kupewa alama katika 100, na inayopata 85 au chini yake imefeli. Alama hizo huwekwa wazi, na mtu mwenye akili huzitazama kabla hajalipa.

Sasa sikiliza tabia ya kirusi hiki. Kwanza, chembe chache mno, hata zisizofika 100, zinatosha kumuangusha mtu mzima. Pili, kutoka kukipata hadi kuugua ni kati ya saa 12 na 48. Tatu, mgonjwa hupona ndani ya siku moja hadi tatu, lakini choo chake huweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki mbili au zaidi. Nne, na hapa ndipo penye somo la leo, vile vitakasa mikono vya spiriti ambavyo tulivizoea sote tangu mwaka 2020 haviwezi kazi hii sawasawa. Kinachotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua kwa sekunde 20 zisizopungua, vidole, kucha na viganja.

Nimewahi kukaa msikitini nikasikiliza mjadala mrefu baada ya sala ya alasiri, kundi moja likisema kitakasa mikono chenye spiriti ni najisi, kundi jingine likisema hapana, wanavyuoni wengi wamekiruhusu. Hukumu yake nawaachia masheikh. Lakini kama tabibu naona mjadala huo, ukiuhamishia melini, unapoteza muda wa watu. Anayekikataa na anayekitegemea wote watauguzwa ikiwa hawakunawa kwa sabuni.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Sisi Waislamu tunajiona tumesalimika katika mlango huu kwa sababu tunastanji kwa maji, na tunawacheka wanaotumia karatasi. Alhamdulillah, maji ni neema. Lakini mimi nimesoma madrasa kabla sijasoma tiba, na najua tulivyofundishwa na najua tunavyofanya. Mtu anastanji kwa mkono wa kushoto, kisha mkono uleule haujaona sabuni, unashika mpini wa kopo, unashika bomba, unashika kitasa cha mlango. Najisi imeondoka kwa macho, rangi haipo wala harufu, na kisheria anaweza kusimama akasali. Virusi lakini havina rangi wala harufu. Kisha anafuata mwingine anashika kopo lile. Katika nyumba ya watu sita kopo moja ndilo linalotembeza maradhi kutoka kwa mjukuu hadi kwa bibi. Udhu nao, pamoja na utukufu wake, ni kupitisha maji juu ya viungo. Haukuwekwa badala ya kusugua mikono kwa sabuni baada ya choo, na hakuna fakihi aliyekukataza kutanguliza sabuni kabla ya udhu.

Vyoo vya vyumba vya melini ni vidogo sana na havina bomba la kustanji. Wengi wetu huchukua chupa ya maji. Ni vizuri, ila kila mtu awe na chupa yake yenye alama yake, kama mswaki. Ioshwe nje kwa sabuni kila siku. Maji yaliyomwagika sakafuni yafutwe mara moja, kwani mzee akiteleza na kuvunjika nyonga mbali na nchi kavu ni msiba mwingine.

Katika familia ya ndugu yangu ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya siku ya kupanda meli, hotelini Miami, mtoto mdogo alitapika mara mbili. Bibi yake alimpokea, akamfuta, akafua nguo yake kwa mkono, kama bibi yeyote angefanya. Matapishi ya mgonjwa wa norovirusi yana virusi tele, na pahala yalipoanguka panahitaji dawa ya klorini, si kitambaa cha maji. Mchana bandarini kampuni ikawauliza, kama kawaida yao: kuna yeyote aliyeharisha au kutapika siku hizi? Baba akajibu hapana. Mtoto alikuwa amekwisha changamka, anacheka, anataka aiskrimu. Mchana wa siku ya pili bibi akaanguka.

Ndugu msomaji, neno "hapana" lile ndilo linalonikera kuliko virusi. Kila aliyekaa chuoni anayajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni, kwamba aliye katika mji wenye maradhi asitoke na aliye nje asiingie. Tunayahubiri mwaka hadi mwaka na tunajivunia kwamba karantini tuliijua kabla ya wengine. Kisha inapofika zamu yetu, na tiketi imekwishalipiwa, tunajaza fomu kwa uongo na kumpeleka mtoto anayetoa virusi kwenye sehemu ya michezo ya watoto wa watu. Mtoto wa Mjamaika au Mmarekani aliyecheza naye ana haki juu yetu. Nilimwambia ndugu yangu hivyo, na kwa wiki mbili hakunipigia simu.

Ni kweli kusema ukweli kuna gharama. Huenda ukazuiwa kupanda. Ndiyo maana bima ya safari hununuliwa mapema, na husomwa kabla ya kununuliwa, uone kama inalipa unapozuiwa kwa ugonjwa, na kama inalipa matibabu ya melini na kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Usitegemee bima ya kawaida ya nyumbani. Hata ile ya wazee wa Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya melini, isipokuwa katika hali chache. Mzee anayetoka Tanga au Mombasa kwa viza ya matembezi ndiye anayehitaji bima hiyo zaidi ya wote, na mara nyingi ndiye anayesahauliwa, kwa kuwa "anakuja kusalimia tu".

Mama mdogo ana kisukari na presha. Mtu wa aina hiyo akiharisha na kutapika huku akiendelea kumeza vidonge vyake, hasa vya presha vile vya kukojoza, figo zake ziko hatarini, na sukari inaweza kupanda au kushuka. Ndiyo sababu nilikataa flajili. Dawa hiyo haiui virusi, na ingempa kichefuchefu zaidi huku saa zikipita. Anachohitaji mgonjwa huyu ni maji na chumvi mwilini, na daktari wa kumwambia dawa ipi asimamishe kwa siku ile. Nilibaki kwenye simu hadi nikasikia mkewe akiita zahanati ya meli kwa simu ya chumbani. Walikuja na kiti cha magurudumu. Akatundikiwa dripu mbili, akalala huko hadi asubuhi.

Kwa hiyo katika sanduku la familia ziwemo pakiti kadhaa za ORS, kipimajoto, vipande vya sabuni vya kutosha, na dawa zote za mzee pamoja na barua ya daktari wake. Dawa hizo zikae mkobani, zisiende na mizigo mikubwa. Kwa kigegezi cha bahari, anayejijua kwamba hutapika hata kwenye boti la Unguja atafune tangawizi au amuulize daktari dawa mapema. Ile plasta inayobandikwa nyuma ya sikio, yenye skopolamini, si ya watoto, na kwa mzee huweza kuleta kuchanganyikiwa. Tena usiishike kisha ukasugua jicho.

Mezani, tofauti na wenzetu wenye uma na kisu, wengi wetu tunakula kwa mkono. Basi jipakulie kwanza, weka sahani, kanawe kwa sabuni, kisha ule. Koleo uliyoishika imeshikwa na watu mia kabla yako. Na koleo hiyohiyo huenda ilitoka kwenye sinia la nyama ya nguruwe, kwa hiyo ni bora kuomba chakula cha halali wakati wa kukata tiketi na kuletewa mezani. Mtoto wa nepi haingii bwawani, ndiyo kanuni, na mtoto mkubwa asiachwe huko kwa kudhani kila bwawa lina mwokoaji. Ukishuka visiwani paka dawa ya mbu. Puerto Rico ilitangaza hali ya dharura ya dengi mwezi Machi 2024, na mbu wake huuma mchana.

Mama mdogo amesharudi Tanga na ni mzima. Cozumel aliiona kupitia dirishani, kwa kuwa familia nzima ilitakiwa kubaki chumbani. Yule ndugu yangu alipopiga tena simu ilikuwa ni kuuliza kama mwakani wamchukue. Nikamwambia mchukue, lakini fomu nitaijaza mimi.

Wabillahi tawfiq.