ANAYESHIKA KIPIMO NDIYE MWENYE NENO



Mchuma chai wa Rusizi anaijua mizani. Unateremka na kapu limejaa, karani anatazama mshale, anaandika kilo anazoona yeye. Shambani nilikoanzia kazi, mizani ilitupunja muda mrefu. Tulijua siku tulipolipima jiwe moja juu ya mizani mbili.

Kwa hiyo msishangae leo nikisema habari za mitambo ya maabara.

Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazotoa koltani kwa wingi duniani. Mchimbaji huichimba kwa sururu na kuiosha kwa maji. Ng'ambo hutolewa humo metali ya tantali, ambayo hutandazwa kama utando mwembamba ndani ya vipuri vya simu na kompyuta. Utando huo hutengenezwa hivi: pampu hunyonya karibu hewa yote katika chumba cha chuma, kisha hutiwa gesi kidogo ya agoni. Kwa nguvu ya umeme gesi hugonga bamba la metali, chembe hung'oka na kutua juu ya kioo. Unene wake mara nyingi haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Halafu utando hupimwa: sindano nne huugusa, mbili za nje hupitisha umeme, mbili za ndani hupima volti. Bila kipimo hicho hakuna ajuaye kama kazi ni nzuri au ni uchafu.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi vimetafiti tando hizo kwa ajili ya nishati ya jua, vikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Na mtambo wenyewe una nini? Pampu, mafuta, geji, mipira ya kuzuia hewa. Fundi wa kiwanda cha saruji au chai havimtishi. Mpira mmoja ukivuja, profesa hukaa bure akimngoja fundi.

Maoni yangu ni haya. Chama kidai mambo mawili pamoja: watoto wetu wafundishwe pampu na vipimo hivyo katika shule za ufundi, na kila mizani ikaguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Anayechimba na kuchuma huku mwingine akimpimia atabaki kibarua daima.

Umoja ni nguvu.