Pampu ya Shela Kabla ya Kreni ya Kililana

Tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilipofunguliwa kule Kililana mwezi Mei 2021, kijana wa mtaa wa Wiyoni, mjini Lamu, ukimuuliza angependa kusomea nini, mara nyingi jibu ni moja: mitambo. Anachokiona moyoni ni kreni ndefu, chumba chenye kiyoyozi na skrini. Hatumlaumu. Serikali yenyewe iliahidi kuwafadhili vijana 1,000 wa Lamu wasomee kazi za bandari, na ahadi ya namna hiyo humfanya mtu aangalie juu. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya ufundi wa mitambo inayojiendesha, na msimamo wetu tunausema mapema, asiyeupenda ajue cha kutujibu: tunaanza safari kwa kuukimbilia mwisho wake. Kabla ya kreni kuna pampu.

Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga huyachuja maji, nayo hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiyavuta taratibu, unapata matamu. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda, na kisima kilichoingiwa na chumvi hakiponi kwa wiki moja. Kwa pampu ya mahali kama hapo haitoshi kuwa na mtu wa kubonyeza swichi asubuhi na jioni. Yafaa kina cha maji kipimwe, chumvi ipimwe, na pampu isimame yenyewe kabla madhara hayajatokea, hata kama ni saa tisa za usiku na mlinzi amelala. Pima, linganisha na unachokitaka, amrisha, kisha pima tena: sehemu kubwa ya udhibiti wa mitambo, kutoka kisimani hadi kiwanda cha saruji, imejengwa juu ya mzunguko huo. Vyuo vya mbali hununua tangi la kioo ili kuuonyesha. Sisi tunaunywa.

Sasa mpe mwanagenzi boya la umeme, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), mota ndogo na pipa la maji. Kwa mchana mmoja ataziunganisha nyaya. Pampu itawaka maji yakishuka na kuzima yakipanda, naye atafurahi. Kisha maji yatacheza ndani ya pipa, boya litapanda na kushuka, na kontakta itaanza kugonga kama cherehani. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo unaoweza kufika mara tano hata saba ya ule wa kawaida. Ikiwashwa na kuzimwa bila kupumzika, koili zake huungua. Hapo, kwa harufu ya vanishi iliyoungua, ndipo atakapoelewa kwa nini mafundi huweka viwango viwili, cha chini cha kuwashia na cha juu cha kuzimia, na kuacha nafasi ya kutosha baina yake. Kitabu hulieleza jambo hili kwa sentensi moja. Mwanafunzi huinakili, hupata alama zake, na hiyo mota ya kwanza huja kuiunguzia kazini, kwa gharama ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tunasisitiza vitendo, na si vitendo vya kuangalia mwalimu akifanya. Mwanafunzi lazima apewe ruhusa ya kuharibu. Chukua mfano mwingine. Vipimo vingi vya viwandani hutuma habari kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Kwa nini usianze na sifuri? Kwa sababu sifuri imewekewa maana yake: waya umekatika. Tangi likiwa tupu kabisa, kipimo bado husema 4. Mtu aliyewahi kukata waya kwa koleo mwenyewe na kuona namba ikianguka halisahau jambo hilo. Na hapa pwani nyaya hukatika bila koleo. Hewa ya chumvi hula viungio vya shaba vikageuka kijani, sanduku la umeme lililofungwa ovyo huingiwa na unyevu, na hitilafu huja na kupotea kila upepo ukigeuka. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya viwanda vya bara havitumii kurasa nyingi kwa adui huyu. Mafundi wetu wanamjua, lakini mengi ya wanayoyajua hayajaandikwa popote.

Tusijifanye kwamba fani hii ni ngeni kwetu. Ndugu watatu wa Banu Musa waliandika Baghdad, katika karne ya tisa, kitabu cha vyombo vya ajabu chenye vali zinazojifunga zenyewe maji yakifika kiasi. Hapa hapa Lamu, wazee walitia samaki wadogo ndani ya mabirika ya misikiti wale viluwiluwi vya mbu. Huo nao ni udhibiti, na hauna bili ya stima. Na ukitaka historia ya karibu zaidi, Mombasa ilikuwa na taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyoanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa, na wa Aga Khan, ili vijana wa pwani wasomee uhandisi. Ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliofikiria kuwasomesha vijana wa pwani uhandisi walifikiri hivyo zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Mitambo yenyewe imeshafika, haikutungoja. Mwaka 2018 shirika la GivePower lilifunga kule Kiunga, ndani ya kaunti hii ya Lamu, mtambo wa nguvu za jua unaogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Mashine za aina hiyo huyasukuma maji kupita kwenye utando kwa shinikizo linalozidi mara 50 lile la hewa. Presha ikipita kiasi utando huharibika, ikipungua maji hayapiti, na hakuna binadamu awezaye kukaa akiishikilia presha hiyo kwa mkono mchana na usiku. Kuna mashine za barafu zinazowangoja wavuvi, kuna jenereta za hoteli, kuna pampu za visiwani. Kila mojawapo ikizima kwa hitilafu ndogo, simu hupigwa Mombasa au Nairobi. Fundi hupanda basi hadi Mokowe, avuke kwa boti, afungue sanduku, abadilishe kifaa cha ukubwa wa kiganja. Samaki hawamngoji.

Na mara nyingine hata aliyeko hapa mwenye ujuzi hawezi kufanya kitu, kwa sababu kompyuta ya mtambo, ile mafundi waiitayo PLC, imefungwa kwa nywila anayoijua muuzaji peke yake, na mchoro wa nyaya umeondoka na mkandarasi. Hili si suala la elimu, ni suala la mkataba. Tunaiomba Kaunti ya Lamu iandike sharti katika kila zabuni ya mtambo unaonunuliwa kwa fedha za umma: mchoro ubaki ndani ya mlango wa sanduku, nywila ikabidhiwe, na vijana wawili wa mahali wawepo tangu waya wa kwanza unapofungwa. Sharti hilo haliongezi hata jengo moja.

Watasema vifaa ni ghali. Vilikuwa ghali. PLC ya kwanza, Modicon 084, ilibuniwa kwa ajili ya viwanda vya magari vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu waliomudu kuzinunua zilikuwa hasa kampuni kubwa. Leo programu ya OpenPLC aliyoianzisha Mbrazili Thiago Alves ni ya bure, hufanya kazi juu ya bodi ndogo za kielektroniki, na hutumia lugha zilezile za viwandani zilizowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1993. Anayeijua ngazi ya relei, mojawapo ya lugha hizo, kwenye bodi hiyo ataisoma pia kwenye mashine ya bei kubwa. Kinachobaki kuwa ghali ni mwalimu, na hapo hatuna njia ya mkato ya kupendekeza: alipwe.

Karakana ya kujifunzia tunataka iwe Wiyoni. Kwa nini? Kwa sababu vijana wako pale, wengi wao watoto wa wavuvi na wakata mikoko walioonja makali ya marufuku ya ukataji miti ya 2018, na kwa sababu huwezi kugonga chuma na kumwaga maji ndani ya mitaa ya mji wa kale ambao tangu 2001 uko chini ya uangalizi wa UNESCO. Tunapendekeza karakana moja ya wazi, yenye pipa, pampu, sanduku la umeme na meza, na mtihani wa namna moja tu: mwalimu atie hitilafu, mwanafunzi aitafute, aitengeneze, na aandike alichokiona. Anayefaulu apelekwe akafanye jaribio la ufundi la NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, apate gredi yake.

Kurasa zinazofuata zina michoro ya kuanzia. Msomaji mwenye mota iliyoungua, kontakta kuukuu au boya lisilotumika, asiviuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Atuandikie, tutakuja kuvichukua.